Masizi ya Sufuria ya Maziwa

Maji yalikuwa bado hayajachemka, na Kazija alikwishapuliza moto mpaka macho yamemwiva. Kuni za mwaka ule zilikuwa mbichi. Kavu zilikwenda kwa wenye nazo, kama ulivyokwenda mchele, na sukari, na mafuta ya taa, na kanga za kubadilishia. Vita vilikuwa mbali, Ulaya huko, lakini kila asubuhi vilifika Tibirinzi, mtaa wa Chake huku Pemba, kwa mlango wa duka. Ukiuliza bei ya kitu, unaambiwa vita. Ukiuliza mbona kitu hakipo, unaambiwa vita. Hata mizani ya kupimia watoto, iliyopelekwa Unguja kutengenezwa, ilikuwa haijarudi kwa sababu hiyohiyo.

Nyumba aliyokuwamo iliitwa Nyumba ya Wachanga. Zamani ilikuwa ghala ya chumvi, na siku za mvua kuta zake zilikuwa zingali zikitoa maji ya chumvi. Serikali iliezeka bati jipya, ikapaka chokaa, ikaleta vikombe na maziwa ya unga ya kopo, ikasema mtoto asiye na mama, na yule ambaye mama yake maziwa yamemkauka, aje hapa apewe. Mkunga wa kusomea alikuwa akija kila wiki; vita vilipoanza akahamishwa. Akabaki Kazija. Alichemsha maji, akakoroga maziwa, akaosha watoto, akafagia, na jioni kila mtoto akishachukuliwa na mwenyewe, alilala chumba cha nyuma pamoja na makopo matupu.

Upweke wake ulikuwa wa mchana kweupe, katikati ya watu. Baba yake alikuwa Mnyasa aliyeletwa na kazi za mashamba ya karafuu, mama yake mtu wa Gando, na wote wawili walikwishatangulia. Alizaa watoto watatu akazika watatu. Wa mwisho, Soud, alikwishaanza kusimama. Siku moja alikuja mwanamke mgeni kutoka Wete, akamtazama mtoto akasema, "Lo, mtoto mnene huyu," akanyamaza hapo. Hakusema mashallah. Usiku uleule mtoto akashikwa na homa, na wiki haikwisha. Daktari angesema ni malaria. Kazija hakuwa na daktari. Alikuwa na yule mwanamke tu wa kumlaumu, na alimlaumu mpaka leo.

Mumewe baada ya kaburi la tatu alikwenda Unguja akaoa mwengine. Na wanawake wa mtaani, wakizaa, mialiko ya arobaini ya mtoto ilipita milango yote ila wa Kazija. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Watu wa Chake hawana adabu mbovu hiyo. Mwaliko ulikuwa unapotea njiani tu, kila mara. Ndiyo maana Maalim Othman wa skuli alipompendekeza kwa serikali awe mtu wa Nyumba ya Wachanga, Kazija alilia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mwanamke alimnyooshea mtoto wake akasema, "Nishikie."

Siku yenyewe ilikuwa ya Bwana wa fedha. Bwana huyo alikuwa Mzungu aliyetoka Unguja kuja kutazama Pemba inakula fedha ya serikali kwa lipi. Mwaka ule mfuko ulikuwa mdogo, na mbele yake palikuwa na mambo mawili: Nyumba ya Wachanga, au daraja la njia ya Gando lililochukuliwa na mvua. Mzee Himid, mwenye mashamba huko Gando na mjumbe wa baraza, alitaka daraja. Maalim Othman, mjumbe pia, alitaka nyumba. Jioni ya jana yake Maalim alipita hapo akasimama nje ya mlango, kama mwanamume mwenye haya zake.

"Bi Kazija, kesho watakuja kuona kwa macho yao. Watoto wawe safi, na mama zao waseme kweli."

"Kweli ipi, Maalim?"

"Kweli si moja? Kwamba watoto walikuwa wabovu, sasa wazima. Nimeshayanena hayo barazani. Yaliyobaki ni Bwana kuona tu."

Akaenda zake. Maskini Maalim. Mtu amesoma, amefundisha nusu ya mji, na hajui ameagiza nini.

Wa kwanza kufika asubuhi alikuwa Mwanamize na mwanawe. Mtoto alikuwa na duara kubwa la masizi kwenye paji la uso, jengine shavuni, na kifua kimefunikwa na kitambaa cha gunia kilichokatwa shingo. Nyuma yake akaja mwengine hivyohivyo, na mwengine, hata kizingiti kikajaa watoto weusi wa masizi kama waliotolewa tanuri la chokaa.

"Mwanamize, jana tulinena nini?"

"Ulinambia nimwoshe. N'shamwosha. Kisha n'shampaka."

"Anakuja ntu wa serikali kutazama."

"Ndo maana," alisema Mwanamize. "Ntu wa hapa akikuonea ntoto wako, atasema mashallah, yakapita. Mzungu atasema nini? Hajui hata kusema."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha kukubali. Kazija hakucheka. Alijua wana haki. Nani asiyejua kwamba jicho lipo? Mtoto anapendeza, mtu anampenda, neno linatoka bila jina la Mungu, basi tena. Dawa yake ni kumficha mtoto ndani ya ubaya: umpake masizi, umvalishe tambara, na ukiulizwa, useme mbovu. Kila mama wa Pemba anaijua dawa hiyo kabla hajajua kupika. Hawakuwa watoto wake Kazija awapanguse. Akarudi kwenye sufuria yake.

Ndipo alipoingia Bi Khairiya na mtoto aitwaye Mgeni.

Bi Khairiya alikuwa kikongwe wa nyumba ya tatu kutoka hapo, macho yake yameingia ukungu, haoni ila nuru na kivuli. Mtoto aliyembeba alikuwa wa binti yake, Mize. Mize alifia chumba cha nyuma cha Nyumba ya Wachanga, saa aliyojifungua, mkono wake umeshika kanga ya Kazija. Baba mtu, Vuai, alivuka kwenda Tanga kukata mkonge, na tangu hapo haikusikika habari yake. Basi mtoto akawa wa bibi usiku, na mchana wa Kazija. Hakunyonya ziwa la mtu hata siku moja. Kila alichokuwa nacho mwilini kilitoka katika kopo.

Na alikuwa nacho. Bi Khairiya, asiyeona vizuri kutafuta masizi, alifanya kama Maalim alivyotaka: alimwogesha Mgeni, akampaka mafuta ya nazi, akamvisha kigauni cheupe alichokishona Mize mwenyewe tumbo likiwa kubwa. Mtoto aling'aa. Mapaja yamejikunja, mashavu yameshiba, na meno mawili ya chini yanaonekana anapocheka, naye alikuwa akicheka. Wanawake walimtazama mara moja, wakasema mashallah kwa pamoja, wakageuza nyuso upande wa ukuta.

"Nimemtengeneza?" aliuliza Bi Khairiya.

"Umemtengeneza, bibi," alisema Kazija, na moyo wake ukamdunda kwa furaha na kwa hofu, vyote viwili.

Kikongwe akaenda zake na mkongojo wake. Kazija akampakata mtoto. Hapo gari likasikika linakata kona ya Tibirinzi. Akamtazama Mgeni, mtoto pekee mwenye uso wazi katika chumba kizima. Usimcheke. Ungekuwa wewe, umezika watatu, na jicho geni lipo mlangoni, ungefanya nini? Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe chini ya sufuria ya maziwa. Akampaka paji la uso, akampaka mashavu yote mawili, kisha akachukua dekio la jikoni akamfunika kigauni chake cheupe.

Walifika watu watatu. Bwana mwenyewe alikuwa mwembamba, kofia mkononi, shati limerowa mgongoni, na uso wa mtu aliyechoka tangu juzi. Nyuma yake mkalimani, Abrahman, kijana wa Unguja mwenye koti juu ya kanzu. Mzee Himid alibaki mlangoni na bakora yake, macho ndani.

Bwana alianza kwa Mwanamize. Akasema maneno yake, Abrahman akayageuza.

"Bwana anauliza, mtoto hajambo?"

Mwanamize alitazama chini. "Hajambo kidogo tu. Mbovu mbovu."

"Anakula?"

"Aa, hali kitu yuno."

Na yuno, wakati huo, alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni na kipande mkononi.

"Maziwa ya hapa yamemsaidia?"

"Ndo tunajaribu tu, bwana."

Wa pili akasema mwanawe halali usiku. Wa tatu akasema wake ana kifua, na hatarajii kuwa atapona. Wote waliwasema watoto wao vibaya kwa sauti ndogo, ya upole, kama wanavyosema watu dua. Kila neno Abrahman alilipeleka kwa Kiingereza, halikuzidi halikupungua. Bwana alikuwa akitikisa kichwa, uso wake unazidi kuanguka. Mzee Himid alikohoa. Alizaliwa Gando, yule. Alijua alichokuwa akikiona, na alikuwa amekinyamazia.

Mwisho Bwana akafika mbele ya Kazija. Akamwinamia Mgeni kwa karibu. Macho yake yalikuwa ya kijivu, yenye maji, wala hayakuwa na ubaya wowote ndani yake. Yalikuwa macho tu.

"Bwana anasema, huyu ndiye asiye na mama? Aliyelelewa na maziwa ya serikali matupu?"

"Ndiye."

"Anataka kujua kwako wewe, maana wewe ndiwe mlezi. Maziwa yamemfaa?"

Kazija alijua kinachotakiwa. Ndiyo, bwana, yamemfaa, mtazame. Maneno manne, na nyumba ibaki, na makopo yaje, na Mgeni aishi mpaka kula wali. Aliyaona yalivyo mepesi. Lakini alimhisi mtoto mikononi, uzito wake ule wa kushiba, na akamkumbuka Soud alivyokuwa mzito hivihivi siku ile, na ulimi ukamgeukia.

"Mbovu mbovu tu, bwana," alisema. "Mungu atamjaalia."

Abrahman aliinua macho. Akamtazama Kazija, akatazama masizi, akataka kusema kitu. Kisha akageuza maneno kama yalivyo.

Bwana akauliza iko wapi mizani. Akaambiwa iko Unguja. Akavaa kofia yake.

Gari lilipoondoka, akina mama walicheka kwa nguvu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, wakafuta nyuso za watoto kwa pembe za kanga. Chini ya masizi palikuwa na mashavu. Kila mmoja alitoka na wake, kafurahi kwamba jicho limepita bila kugusa. Mwanamize ndiye aliyegeuka mlangoni, akamwambia Kazija, "Umenena vyema, da Kazija." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada.

Maalim Othman alikuja kabla ya adhuhuri, amevua kofia yake na kuikunja mkononi. Safari hii aliingia mpaka ndani.

"Umesema nini, Bi Kazija?"

Kazija aliendelea kuosha vikombe.

"Himid anazunguka mji mzima. Anasema mama wenyewe wameikana nyumba. Na mlezi wa serikali naye ameikana. Nimesimama barazani mie, nimeapa kwamba watoto wamepona."

"Si uwaambie, Maalim. Uwaambie tulikuwa tunaficha."

"Niwaambie vipi? Nisimame mie mbele ya Himid, nimwambie Mzungu kwamba watu wangu wanaogopa macho yake? Watatucheka mpaka Unguja. Watasema hawa hata wakipewa hospitali, wataipaka masizi."

"Basi wacheke," alisema Kazija. "Wacheke, maziwa yaje."

Maalim alimtazama Mgeni, ambaye alikuwa akigonga kikombe sakafuni. Alikuwa mtu mwema, na aibu ilimshinda. "Baraza litakaa baada ya alasiri," alisema. "Nitasema nitakaloweza."

Alipoondoka, Kazija alimbeba Mgeni akaenda kwa Mwanamize, akamkuta anatwanga. Akamwambia waende pamoja na watoto, wawaoshe uso, wasimame mbele ya Bwana, waseme kweli. Mwanamize aliacha mchi.

"Ntoto wangu mie? Ng'o. Mie n'na huyu mmoja."

"Nyumba itafungwa."

"Ikifungwa tutarudi kwenye uji wa muhogo, kama zamani. Alokufa kwa uji n'namjua. Lakini jicho, da Kazija." Akashika tena mchi. "Na weye usende. Huyo si wako, ana bibi yake."

Maneno hayo yalimchoma mahali penyewe. Kweli hakuwa wake. Alizunguka milango mingine miwili akajibiwa hivyohivyo, kwa upole, kwa kukaribishwa maji ya kunywa. Alirudi peke yake. Alijua angemuuliza Bi Khairiya ruhusa angekatazwa, basi hakumuuliza, na hilo pia alilibeba.

Alimwosha Mgeni kwa maji ya vuguvugu. Masizi yalitoka kwa shida, akasugua kwa pembe ya kanga mpaka mtoto akalia. Akamvua hirizi ya shingoni? Hakumvua, hilo hakuliweza. Akaiingiza ndani ya kigauni, akavaa buibui lake, akatoka.

Kutoka Tibirinzi mpaka barazani si mbali, lakini siku ile kila mtu alikuwa barabarani. Mbele ya duka la mchele watu walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi, hawana la kufanya ila kutazama wapitao. Wakamtazama. Wengine walisema mashallah. Akawasikia akawashukuru moyoni. Wengine hawakusema kitu, na hao ndio aliowahesabu. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Alitamani mtu mmoja amuulize, hata kwa umbea.

Mlangoni mwa baraza askari alimzuia kwa mkono. "Bibi, humu wanaume."

"N'na neno na Bwana."

"Subiri nje."

Akaenda chini ya dirisha. Sauti zilitoka wazi, na kila neno la Mzungu likafuatwa na sauti kavu ya Abrahman.

Mzee Himid ndiye aliyekuwa akisema. "Sisi sote humu ndani tulilelewa na mama zetu, hatukulelewa na makopo. Tukakua. Karafuu ndizo zinazolisha kisiwa hiki, na karafuu zangu na za wenzangu zinaoza Gando kwa kukosa daraja. Likipatikana daraja, baba atapata kazi. Baba akipata kazi, mtoto atakula. Fedha yote tunaitia katika vikombe, na leo tumeona wenyewe vikombe vimezaa nini."

"Mwenye mama anyonye, Mzee Himid," alisema Maalim Othman. "Hakuna aliyemkataza. Asiye na mama je? Daraja litamnyonyesha?"

Watu waliguna, wengine kwa kuunga mkono. Kazija chini ya dirisha alimwombea Mungu aendelee. Sema na la masizi, Maalim. Sema basi.

Maalim alisema kabla ya nyumba ile makaburi madogo yalikuwa mengi. Alisema sasa ni machache. Alisema mengi mazuri, kwa Kiswahili kizuri cha kitabu. La masizi hakulisema.

Bwana akajibu, Abrahman akageuza. "Bwana anasema Mwalimu ni mtu wa kuaminika. Lakini leo amekwenda kuwauliza mama wenyewe, mmoja mmoja, na wote wamesema watoto wao ni wabovu, ni wagonjwa. Anasema hawezi kwenda Unguja akaomba fedha kwa jambo ambalo wenyewe wanasema halikufaa. Anasema yeye binafsi ameona huzuni. Nyumba itafungwa, fedha itakwenda kwenye daraja. Anataka iandikwe kwamba serikali imewasikiliza kina mama."

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Lakini hawa walikuwapo. Waliulizwa wakajibu, na jibu lao ndilo lililowafunga.

Wa kwanza kutoka alikuwa Abrahman, anafuta jasho shingoni. Kazija alimkabili kwenye ngazi.

"Weye kijana, ni Mswahili?"

"Ndiyo, bibi. Wa Unguja."

"Mamako hakukupaka masizi ulipokuwa ndogo?"

Abrahman alimtambua, kisha akamtazama mtoto, uso safi wa mafuta, meno mawili, mashavu.

"Alinipaka," alisema.

"Basi ulijua. Siye tunasema mbovu, na weye unajua tunanena nini. Mbona hukumwambia?"

"Mimi nimeajiriwa kugeuza maneno yaliyosemwa, bibi. Siruhusiwi kuzidisha neno. Nikizidisha moja, kesho sina kazi." Kisha akaongeza, sauti chini, "Na hakuniuliza."

Bwana alikuwa anatoka, Mzee Himid ubavuni mwake. Kazija hakungoja. Akasimama mbele ya watu wote wale wa barazani, akamtoa Mgeni katika buibui, akamnyanyua juu.

"Mwambie," alimwambia Abrahman. "Mwambie ntoto yuno mzima. Mwambie asubuhi nilimpaka masizi mie mwenyewe kwa nkono wangu, n'kasema uongo kwa kumwogopea. Mwambie hana mama, hana baba, na mnene. Mnene. Maziwa yenu ndo yalomnenepesha. Wote wale wazima, wote. Mwambie hivyo."

Alilisema neno lile, mnene, mara mbili, kwa sauti, mchana, mbele ya macho ya mji mzima. Tangu Soud afe hakuwahi kulitamka juu ya mtoto yeyote.

Abrahman aligeuza. Safari hii aligeuza kwa kirefu, mikono ikienda usoni mwake akionyesha masizi. Bwana alisikiliza, nyusi zimepanda. Mzee Himid akamwambia kitu kidogo kwa upande, akacheka, na Bwana akacheka naye, si kwa ubaya. Kisha akaja karibu, akamshika Mgeni shavu kwa vidole viwili, akalibana kidogo, akasema maneno machache huku uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Mgeni akamcheka. Bwana akavaa kofia, akatazama saa, akaingia ndani ya gari.

"Kasema nini?" aliuliza Kazija.

"Anasema baraza limeshafunga, na jambo limeshapita. Labda mwakani."

"Na lile la mwisho, alipomshika?"

Abrahman alitazama gari, akatazama viatu vyake. Honi ikalia kumwita.

"Alisema mtoto mzuri," alisema. "Mnene." Akanyamaza. "Alisema mashallah."

Akakimbilia gari.

Kazija alibaki pale na mtoto. Kiingereza hakukijua. Lakini mashallah angelitambua katika mdomo wa mtu yeyote, kwa lugha yoyote, na alikuwa amesimama karibu, akitega masikio kulingoja. Halikutoka. Kijana wa watu alilizidisha mwenyewe, yule ambaye asubuhi hakuzidisha kitu. Kazija hakujua amshukuru au amlaani. Watu wa barazani walitawanyika, kila mtu na lake. Maalim Othman alipita kando akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Twende zetu, Bi Kazija," kisha yeye akaenda kwake.

Alirudi Tibirinzi peke yake, amemfunika Mgeni gubigubi na buibui. Nyumbani alimkalisha sakafuni, akatikisa kopo. Palikuwa na unga wa kikombe kimoja, labda na nusu, na makopo mapya yasingekuja tena. Akawasha kuni mbichi, akapuliza. Akakoroga maziwa, akamnywesha taratibu mpaka kikombe kikawa kitupu, na mtoto akaendelea kukilamba ukingo.

Nje mkongojo wa Bi Khairiya ulikuwa unagonga njia, anakuja kumchukua mjukuu wake. Kazija aliipindua sufuria. Chini yake masizi yalikuwa mazito, ya siku nyingi. Akayakwaruza kwa kidole gumba akampaka Mgeni paji la uso, akampaka shavu, lile lililobanwa, akalirudia mara ya pili. Mtoto hakulia. Alikuwa ameishika sufuria kwa mikono miwili, akichungulia ndani kama bado mna kitu.

"Hajambo mjukuu wangu?" aliuliza Bi Khairiya kutoka mlangoni.

"Mbovu mbovu tu, bibi," alisema Kazija, na akamkabidhi.